Mwaliko Kutoka Uskoti

Mwalimu Evangelina Bura hakwenda polisi kumshitaki mtu. Alikwenda kuchukuliwa alama za vidole, na alivaa kitenge chake cha Pasaka, kwa kuwa alama hizo zilikuwa zinakwenda Ulaya.

Inspekta Kandida Gwandu alimkuta kaunta, mikono ya blauzi imekunjwa, vidole viko tayari. Mvua ilikuwa imeanza alfajiri na mlima Kwaraa ulikuwa umefunikwa wote. Kandida alikuwa mtu wa upelelezi, hakuwa na kazi na alama za vidole, na asubuhi hiyo alikuwa anapita tu kwenda kutafuta chai. Lakini huyu mama alimfahamu. Babati nzima ilimfahamu. Ndiye aliyewaongoza wanawake wa Sigino kuziba korongo lililokuwa likila mashamba yao masika baada ya masika, mpaka wakalishinda kwa mawe, matete na ubishi. Video ya hotuba yake kuhusu korongo hilo ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu kuliko matangazo ya misiba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Umefikwa na nini mpaka ukaja huku kwetu?"

"Nimefikwa na heri," Mwalimu Evangelina alisema, na uso wote ukatabasamu. "Nakwenda Uskoti. Wameniita nikazungumze kwenye kongamano lao. Wanasema kwa kibali cha safari lazima polisi wanithibitishe kwamba mimi si mhalifu."

Kandida akaisahau chai.

Alimkaribisha ofisini kwake, akamvutia kiti, akamwomba auone huo mwaliko. Mwalimu alimpa simu kwa fahari, kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. Kandida alikuwa na mazoea ya kusoma barua kuanzia chini: kwanza nani, kisha kutoka wapi, halafu ndipo anataka nini. Aliyeandika alijiita Mchungaji Daktari Malcolm, kiongozi wa kanisa moja katika mji mdogo wa Uskoti. Picha ya kanisa ilikuwepo, la mawe, lenye mnara. Lakini anwani ya barua pepe haikuwa ya kanisa lolote. Ilikuwa anwani ya bure, ile ambayo hata mwanafunzi wa darasa la saba anaifungua akiwa amekaa kivulini.

"Wewe ndiye uliyewaandikia kwanza?"

"Hapana. Wao ndio walionitafuta. Waliiona video."

"Kabla ya hapo ulikuwa unalijua kanisa hili?"

"Silijui. Wao ndio wananijua."

"Nauli ya ndege?"

"Wanalipa wao. Na hoteli. Na ujira juu yake." Mwalimu aliinamisha kichwa, kama vile ukubwa wa ujira huo ulimtia haya. "Mimi nagharimia kibali tu, kwa wakala wao wa Dar es Salaam. Nikifika watanirudishia."

"Kwa nini wasimlipe huyo wakala wao wenyewe, wakati wanalipa ndege nzima?"

"Hilo sikuwauliza."

"Umeshalipa chochote?"

"Awamu ya kwanza. Ya pili ni leo. Mchungaji amesema nikichelewa nafasi atapewa mtu wa Ghana. Nauza kiwanja changu cha Nangara. Mnunuzi tunakutana mchana huu."

Kandida aliweka simu mezani polepole. "Mwalimu, mpigie mnunuzi umwambie asubiri. Halafu mimi na wewe tuwapigie wenyeji wako."

"Namba yao ipo hapo chini."

"Hiyo hapana. Hiyo wamekupa wao. Mtu akikwambia yeye ni daktari, humwulizi yeye kama kweli ni daktari. Unauliza hospitali."

Alimwita Koplo Salum, msaidizi wake, kijana mpole mwenye vidole vyepesi kwenye kompyuta. Salum hakukawia. Kanisa lilikuwepo kweli, la mawe, lenye mnara ule ule. Kwenye tovuti yao kulikuwa na ratiba ya ibada, tangazo la mnada wa keki, na namba ya simu ambayo haikufanana hata kidogo na ile ya mwaliko. Kongamano halikuwepo.

"Labda hawajaliweka bado," Mwalimu alisema.

"Tutawauliza. Zungumza wewe mwenyewe. Ulifundisha Kiingereza."

"Miaka yangu yote ya kazi," alijibu Mwalimu, na sauti yake ikapata nguvu kidogo.

Simu, iliyowekwa kwenye spika, ilipokelewa na mwanamke mwenye sauti ya upole, katibu wa kanisa. Mwalimu Evangelina alijitambulisha vizuri, akaeleza kwamba yeye ni mgeni wao, mzungumzaji kutoka Tanzania, na anataka kujua kama kibali chake kinaweza kusubiri kidogo. Kisha yule mwanamke akashusha pumzi, akasema neno moja la pole, na Kandida akajua yaliyobaki kabla hayajasemwa. Hakukuwa na kongamano. Mchungaji Malcolm alikuwepo, mzee aliyekaribia kustaafu, ambaye hajawahi kumwalika mtu yeyote kutoka mahali popote. Watu walikuwa wanawapigia kutoka kila upande wa dunia. Wengine walilia kwenye simu. "Kila mara tunaomba radhi," alisema katibu, "kwa jambo ambalo hatukulifanya."

Mwalimu Evangelina alimshukuru, akamtakia siku njema, akakata simu mwenyewe. Alikaa ameunyoosha mgongo, macho ukutani.

"Jumapili nilisimama mbele ya madhabahu," alisema mwishowe. "Nikaomba usharika uniombee safari. Wakapiga vigelegele."

Kandida hakumbembeleza. Alikuwa amejifunza kwamba mtu aliyetapeliwa haponi kwa huruma; anapona akipewa kazi.

"Huyo mchungaji umewahi kumsikia kwa sauti?"

"Anapiga kila wiki. Anasema Kiswahili alijifunza alipokuwa mmisionari." Mara Mwalimu akageuka, kama mtu aliyeshikwa bega. "Hapana, Inspekta. Kuna kitu hakikai sawa. Mimi si mjinga. Nisingemwamini mtu kwa sifa tu. Nilimwamini kwa sababu ya punda."

"Punda gani?"

"Punda wa Bibi Edda. Alitumbukia korongoni siku tuliyokuwa tunapanga mawe, na wanawake tukafunga kanga zetu fundo kwa fundo, tukamvuta. Nilikisimulia kisa hicho siku ya hotuba, ukumbi ukaangua kicheko. Mchungaji naye aliniambia, 'Mama, zile kanga zilizomtoa punda zimetutoa machozi huku.' Nikasema huyu amenisikiliza kweli."

Kandida na Salum wakatazamana. Waliifungua ile video hapo hapo, wakaitazama mwanzo hadi mwisho. Korongo lilikuwepo, mawe yalikuwepo, matete yalikuwepo. Punda hakuwepo. Katikati ya hotuba picha ilikuwa imekatika na kurudi, na Mwalimu alikuwa ameshahamia kwenye miche ya miti.

"Umeme ulikatika," Mwalimu alisema taratibu, akikumbuka. "Mikrofoni ikafa. Nikaendelea kwa mdomo mtupu, watu wasipoe. Hapo ndipo nilipomsimulia punda."

Kandida alisimama, akachukua koti lake la mvua. Tangu asubuhi alikuwa anamfikiria tapeli aliyeko mbali. Sasa alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Basi mmoja wao alikuwa ukumbini," alisema. "Ni wa hapa hapa Babati."

*

Aliyeipiga video alikuwa Felix, kijana mwenye studio ya picha upande wa pili wa stendi. Walipoingia alikuwa anasafisha kamera mpya, bado ina karatasi ya nailoni kwenye kioo. Alipouona uso wa Kandida, aliificha chini ya meza. Salum alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyemaliza kazi mapema.

"Kamera nzuri," Kandida alisema.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umeipata kwa kazi gani?"

"Kwa kazi zangu tu. Harusi, ubarikio."

"Na video ya Mwalimu Evangelina?"

Mvua iligonga bati. Nje bajaji mbili zilikuwa zinagombea abiria.

"Afande, nilijua hili litakuja. Niliiweka kwenye ukurasa wangu bila kumwomba ruhusa. Ikavuma, matangazo yakaingia, nikapata kidogo. Nilikuwa nitampelekea fungu lake. Haki ya Mungu nilikuwa nitampelekea."

"Kipande cha punda kiko wapi?"

"Punda?"

Felix alishangaa kiasi cha kukunja uso mzima, na Kandida, ambaye alikuwa ameona nyuso nyingi zikijifanya kushangaa, aliona huu haujifanyi. Hata hivyo aliendelea kumbana. Alitaka kuiona kanda yenyewe, kabla ya kukatwa. Felix aliifungua kwenye kompyuta bila kubisha. Picha ikaenda, ikazima ghafla, ikawaka tena.

"Betri ya kamera ya zamani ilikuwa imeshakufa," alieleza. "Nilikuwa naipiga kwa umeme wa ukutani. Umeme ulipokatika, na kamera ikalala. Nikakimbilia jenereta nyuma ya ukumbi, ikanigomea, nikahangaika nayo na mlinzi wa ukumbi, mwulizeni. Niliporudi watu walikuwa wanafuta machozi kwa kucheka. Mpaka leo sijui walichekea nini."

"Kwa hiyo hakuna aliyekirekodi hicho kipande."

"Yupo," alisema Felix. "Kaka Sosthenes. Alikuwa mstari wa mbele, amewasha tochi ya simu anammulikia mwalimu. Nikamwomba anirushie kipande chake nikiunganishe kwenye video. Akasema alikuwa anamulika tu, hakurekodi."

"Sasa nani mkweli?"

"Afande, mimi ni mtu wa kamera. Kile kinukta chekundu kinachopepesa nilikiona kwa macho yangu. Alikuwa anarekodi. Ndiyo maana nilimwomba."

Kandida aliandika jina hilo kichwani, hakuligusa tena. Mlangoni aligeuka. "Fungu la mwalimu mpelekee leo," alisema. "Na uende na mlinzi huyo wa ukumbi kituoni, aandike maelezo kuhusu jenereta."

Waliporudi, Mwalimu Evangelina alikuwa amekunywa chai, na mnunuzi wa kiwanja alikuwa ameambiwa kiwanja hakiuzwi tena. Kandida alimwuliza swali moja.

"Fomu za kibali nani alikujazia?"

"Sosthenes Tarmo, yule mwenye ofisi ya huduma za mtandao pale sokoni. Anasaidia watu pasipoti, maombi ya vyuo, ajira. Kijana mzuri, ana adabu. Mimi mitandao hiyo sina subira nayo."

"Alikutoza?"

"Hata shilingi. Alisema ni heshima kwake kumsaidia mwalimu."

"Bure," Kandida alirudia. "Katika mji ambao hata kutoa nakala ya kitambulisho ni kwa malipo."

Salum alikuwa tayari ameshika pingu. Kandida alimwashiria aketi.

"Kumulika si kosa. Kurekodi si kosa, na kusaidia bure nako si kosa. Wakili wake atatuchapa na hayo matatu kabla hakimu hajavaa miwani. Nataka kitu kinachotoka mdomoni kwa Sosthenes na kutokea mdomoni kwa Mchungaji, kisichopitia mahali pengine popote." Alimgeukia Mwalimu. "Utamwambia jambo moja la uongo, yeye peke yake. Halafu tusubiri."

"Mimi ni mzee wa kanisa, Inspekta. Uongo sisemi."

"Hata kwa mwizi?"

"Mwizi naye ana masikio."

Salum alianza kusema jambo kuhusu ndugu wa kubuni, dada labda, anayetaka naye kusafiri. Mwalimu alimsikiliza kichwa upande, kama anavyosikilizwa mwanafunzi aliyekaribia jibu. Kisha macho yake yakawaka.

"Marietha," alisema.

"Marietha ni nani?"

Aliwaambia. Salum alicheka mpaka akashika meza. Kandida hakucheka, lakini alilazimika kutazama dirishani kwa muda.

*

Mgahawa ulioelekeana na ofisi ya Sosthenes uliuza makande mazuri, na Kandida alikula sahani nzima bila kuondoa macho kwenye ule mlango. Sosthenes alimjua kwa sura, hivyo asingeweza kusogea. Ndani, Salum, aliyevaa jezi ya mpira na kofia, alikuwa kwenye foleni ya kutoa nakala, na kila alichokisikia alikuja kukieleza baadaye neno kwa neno.

Mwalimu Evangelina aliingia, akapokea shikamoo ya Sosthenes, akaketi. Sosthenes alikuwa kijana wa shati lililonyooka, aliyewahi kufanya kazi Arusha na kurudi na Kiingereza cha watalii.

"Awamu ya pili vipi, Mwalimu? Imepatikana?"

"Iko njiani. Lakini nina ombi. Yupo Marietha wangu, nataka naye apate nafasi huko."

"Marietha? Mdogo wako?"

"Tunaishi boma moja miaka yote hii. Sigino nzima inamjua."

"Amesoma?"

"Kusoma hasomi. Lakini akitoa sauti, wanaume wanatoka nje kuangalia kuna nini."

Sosthenes alicheka kwa heshima. "Na gharama zake? Maana kibali ni cha kila mmoja."

"Marietha ndiye anayenilisha mimi, mwanangu. Bila yeye nyumba yangu ingelala njaa. Ila hili nimekwambia wewe tu. Hata nyumbani hawajui."

"Siri za wateja kwangu ni kaburi," alisema Sosthenes.

Mwalimu aliaga. Alivuka barabara akikwepa madimbwi, akampita Kandida dirishani bila kumtazama, kama alivyoelekezwa, lakini mwendo wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa mwendo wa mtu anayekwenda kufundisha.

Walisubiri kituoni. Wakati wakisubiri, Kandida aliandika barua kwa kampuni ya simu kuomba usajili wa namba ya yule wakala wa Dar es Salaam, akafungua jalada, akaenda kwa mkuu wake hati ya upekuzi itiwe saini. Mvua ilikoma. Jua la alasiri lilipopenya, simu ya Mwalimu ikaita, namba ya nje. Salum aliwasha spika, akaweka simu nyingine karibu ili irekodi.

"Mama Evangelina! Bwana asifiwe!" Sauti ilikuwa nzito, ya kizungu kidogo mahali isipohitajika. "Nina habari njema. Kamati imekaa. Tumeona usisafiri peke yako. Tunaweza kumpokea na dada yetu Marietha."

Mwalimu Evangelina alimtazama Kandida. Kandida alimwashiria kwa kichwa: endelea.

"Marietha mnamjuaje, Mchungaji?"

"Tumefuatilia huduma yake kwa muda mrefu, mama. Ushuhuda wake umewagusa wengi. Tutampa nusu saa ya kuzungumza."

"Nusu saa itamtosha," alisema Mwalimu, uso mkavu kama jiwe.

"Basi alipe ada zote mbili kwa pamoja, leo hii, kwa wakala yule yule. Na tafadhali msilizungumze jambo hili na watu. Kuna wivu mwingi duniani."

"Ni kweli, Mchungaji. Dunia ina mambo."

Simu ilipokatika, Mwalimu aliketi akishika kifua, na kicheko alichokizuia kikatoka na machozi. Kandida alimwachia kitambaa chake, akachukua hati.

*

Sosthenes aliwapokea amesimama, mikono wazi, tabasamu halina doa. Aliisoma hati ya upekuzi, akasema hana tatizo, ofisi ni yao. Kandida hakupekua chochote. Alivuta kiti cha wateja, akaketi.

"Leo Mwalimu Evangelina alikuja hapa akakuomba jambo."

"Alikuja, ndiyo. Kuhusu ndugu yake."

"Ulimwambia nani?"

"Afande, mimi sitoi habari za wateja. Sikumwambia mtu."

"Labda rafiki? Mke? Labda ulizungumza kwenye simu mtu akasikia?"

"Hakuna." Sosthenes alijiona anatetea heshima yake, na akaitetea vizuri. "Sijazungumza na mtu yeyote kuhusu Marietha. Nipo tayari kuapa."

"Huna haja ya kuapa. Koplo, andika hivyo hivyo, halafu asaini."

Alisaini kwa mwandiko mzuri. Kandida akaisubiri kalamu iwekwe chini, kisha akabonyeza simu ya Salum. *Tunaweza kumpokea na dada yetu Marietha*, ilisema ile sauti nzito, *tumefuatilia huduma yake kwa muda mrefu.*

Tabasamu la Sosthenes lilibaki mahali pake, lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka nyuma yake.

"Labda... labda Mwalimu mwenyewe aliwaandikia."

"Hakuwaandikia. Na huduma yake hawakuifuatilia, Sosthenes. Marietha ni ng'ombe."

Mkono wa Sosthenes ulikwenda kwenye simu yake iliyokuwa mezani. Salum aliufikia kwanza, akakikamata kiganja taratibu, kidole gumba cha mtuhumiwa kikiwa hewani juu ya kioo. Simu ilikuwa wazi. Ujumbe wa juu kabisa, ambao Sosthenes aliutuma kabla Mwalimu hajafika hata stendi, ulisema: *Kuna mwingine, ndugu yake, Marietha, ana hela.*

Baada ya hapo alizungumza haraka. Mchungaji hakuwahi kumwona. Ni mtu waliyefahamiana mtandaoni alipokuwa Arusha. Yeye alikuwa mtafutaji tu. Anatafuta watu wanaozungumza vizuri, wanaosifiwa, wenye kiwanja au mifugo, anapeleka picha na maneno yao, analipwa sehemu. Watu wa namna hiyo, alisema, hawashangai wakiitwa. Wanaona wamechelewa kuitwa.

"Wengine ni akina nani?" aliuliza Kandida.

"Wengine walishamaliza kulipa. Anayeendelea..." Aliangalia sakafu. "Nestory, yule bwana mifugo wa Dareda. Ameuza ng'ombe zake. Amepanda basi la Arusha mchana huu, kuna mtu wa kumpokea hela na pasipoti huko."

Kandida alimtaka Sosthenes amtajie namba ya Nestory, akaipiga hapo hapo na kuwasha spika. Ilipokelewa katikati ya muungurumo wa basi.

"Nestory anazungumza."

"Bwana Nestory, mimi ni Inspekta Kandida Gwandu, polisi Babati. Ule mwaliko wako wa Uskoti ni utapeli. Usimpe mtu yeyote kitu."

Sauti iliyojibu ilijaa uhakika. "Mchungaji alishanionya. Alisema watatokea watu wajifanye polisi ili wanizuie. Nitajuaje kwamba wewe ni polisi?"

Lilikuwa swali zuri, na laiti Nestory angemwuliza hivyo Mchungaji mapema. Kandida angeweza kuwaarifu polisi wa Arusha wampokee, lakini Nestory hakuwa amesema anashukia wapi, na akikata simu hataipokea tena.

"Nipe," ilisema sauti nyuma yake. Mwalimu Evangelina alikuwa amewafuata, amesimama mlangoni na kitenge chake cha Pasaka, viatu vimejaa tope. Kandida alimpa simu.

"Nestory, mwanangu, naitwa Mwalimu Evangelina Bura wa Sigino."

"Mwalimu! Shikamoo. Yule wa korongo? Video yako nimeiona."

"Marahaba. Mchungaji Malcolm ameniita na mimi. Kongamano hilo hilo, tarehe hiyo hiyo. Wewe wamekwambia utazungumza kama nani?"

"Mimi ndiye mzungumzaji mkuu," alisema Nestory, kwa unyenyekevu.

"Hata mimi."

Basi liliunguruma.

"Niambie, baada yako anazungumza nani? Kabla yako je? Nitajie mtu mmoja tu mwingine atakayesimama pale. Mmoja, mwanangu, na mimi nakata simu, usafiri salama."

Wote chumbani walisikia akivuta pumzi kulitafuta hilo jina. Walimsikia akilikosa. Hata Sosthenes, mikono yake ikiwa ndani ya pingu, alikuwa ameinua kichwa anasikiliza.

"Hapa nilipo ni Magugu," Nestory alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imekuwa ya mtu mwingine. "Mwalimu, nilishawaaga watu wote."

"Na mimi niliwaaga. Shuka. Tutarudi kuwasalimia pamoja."

Kisha wakamsikia akipaza sauti, si kwao. "Konda! Shusha hapa! Shusha!" Breki zikalia, mlango ukafunguka, na kelele za wauza mchele wa Magugu zikaingia kwenye simu.

Mwalimu Evangelina aliirudisha kwa Kandida. Alivuta kiti cha wateja, akaketi akiwa amemwelekea Sosthenes, akaweka mikono magotini.

"Sasa hao walioshamaliza," alimwambia. "Anza na wa kwanza. Nataka kuzungumza nao wote."